Mtwara mjini kwenda kupanda mawe ya Masasi na kurudi siku hiyohiyo, inawezekana?

Binti Shangani

Wadau habari za jioni. Naomba msaada kwa wenyeji wa Masasi au yeyote aliyewahi kupanda ile milima ya mawe. Tuna kikundi chetu cha mazoezi hapa Mtwara, jumamosi huwa tunakimbia kule bichi alafu tunaishia kula mihogo, sasa watu wamechoka na mchanga wanasema mwezi wa nane tutoke siku nzima tukatembee kwenye miamba. Tupo 14, wanawake tisa wanaume watano, mkubwa wetu ana miaka 58 na msimdharau maana ndo mwenye pumzi kuliko wote.

Shida ni kwamba tumegawanyika. Nusu wanataka Masasi, nusu wanataka Tendaguru kule Lindi kwenye mambo ya dainosaria, wanasema kama ni mawe ya kale basi twende kwenye ya kale kabisa. Mimi ndo nimetupiwa mzigo wa kupanga na mhasibu wetu anataka bajeti ijumaa. Kulala hatuwezi, wengi jumapili wana ibada na wengine wana biashara. Sasa naulizeni, siku moja inatosha? Mlima gani unafaa kwa watu ambao sio wapandaji? Kuna kibali chochote? Na tafadhali usiniambie "nendeni mtaenjoi", hiyo naijua.

Mzee wa Mingoyo

Binti, nianze na Tendaguru maana hiyo ni ya kwetu Lindi na naipenda, lakini nitakwambia ukweli, kwa kikundi chenu mtaniapiza. Tendaguru sio mawe ya kupanda. Ni kilima, kwa Kimwera jina lenyewe wanasema maana yake ni mlima mkali, ila ukifika unakuta pori, nyasi, na mashimo ya zamani yaliyojifukia. Mifupa yenyewe haipo! Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, wakatoa zaidi ya tani 200, wapagazi wetu wakabeba vichwani mwendo wa siku nne mpaka bandari ya Lindi, ikapandishwa meli. Yule dainosaria mkubwa kuliko wote yupo makumbusho ya Berlin amesimamishwa, kimo zaidi ya mita 13. Wale waliochimba na kubeba ni babu zetu, msimamizi wao mkuu pale site alikuwa Boheti bin Amrani, huyo jina lake mkienda mlitaje japo mara moja.

Sasa mtu anayejua hiyo historia akisimama pale anasisimka mwili. Mtu aliyekuja kupiga picha juu ya jiwe atauliza "ndo hapa?" Na barabara baada ya kuacha lami sio ya kosta, tafuta gari ya juu. Tendaguru iwekeni siku nyingine, mwende wachache wenye hamu nayo.

Mmakua wa Mkuti

Karibuni Masasi dada. Siku moja inatosha ila kwa masharti. Kutoka hapo kwenu ni kama kilomita 200 kwa lami ya kupitia Mingoyo, Mtama, Ndanda, weka masaa matatu na nusu mpaka manne kwa sababu ya matuta na vijiji. Msikubali mtu awashauri mpite Newala eti kuna mandhari, mandhari ipo kweli ila siku yenu itaishia njiani.

Mji wetu umezungukwa na mawe, huna haja ya kutafuta, ukikaribia unayaona yamesimama tu kwenye tambarare kama mtu ameyapanga. Yanayojulikana zaidi ni Mkomaindo, ndo hospitali yetu imechukua jina hapo, na Mtandi, chini yake kuna kanisa kuu la Waanglikana. Kwa kikundi kama chenu mimi ningesema Mtandi alafu msing'ang'anie kufika juu kabisa. Pandeni mpaka bega la mlima, pale unaona milima mingine yote imetawanyika mpaka huko mbali, inatosha kabisa, picha mtapata na wote mtashuka na magoti yenu.

Kibali: huko ni makazi na eneo la kanisa, mtu anaongoza wageni 14 mlimani bila kusema na mtu sio adabu. Pigeni hodi kwa mwenyekiti wa mtaa na pale kanisani, semeni mmetoka wapi na mnapanda wapi, ombeni kijana mmoja mwenyeji awaongoze mumpe chochote. Huyo kijana ndo anajua jiwe lipi lina nyuki. NYUKI jamani. Wanakaa kwenye nyufa na hawapendi kelele, moshi wala pafyumu, kwahiyo akina dada tisa siku hiyo nukieni jasho tu. Na mkikuta unga umewekwa chini ya mti au kwenye upenyo wa jiwe msiguse, msicheke, piteni. Kuna watu wanaomba kwa wazee wao hapo.

Binti Shangani

Asante sana mkuu, hapo kwenye pafyumu umenipa kazi, kuna mmoja wetu hawezi kutoka nje bila kujipulizia hata akienda kutupa taka 😂. Sasa wale wa Tendaguru bado wana hoja moja, wanasema mawe ya Masasi ni mawe tu, hayana historia. Niwajibu nini?

Ticha wa Jiografia

Waambie wakae chini kwanza. Masalia ya Tendaguru yana kama miaka milioni 150. Mwamba wa Masasi, ule wa naisi, una zaidi ya milioni 500. Dainosaria wa Tendaguru walipokuwa wanatembea, mwamba huo ulishakuwa mzee tayari. Kwahiyo kama kigezo chao ni ukale wameshashindwa.

Tena angalieni mkiwa pale. Naisi ni mwamba uliopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini, ndo maana una mistari mistari ya weusi na weupe kama mkeka. Juu yake kulikuwa na tabaka nene, mvua na mito ya miaka mingi ikala ile sehemu laini ya pembeni ikaondoka, ile ngumu ikabaki imesimama. Kwahiyo milima ya Masasi haikuota kwenda juu, ardhi iliyoizunguka ndo ilishuka! Wanafunzi wangu kila mwaka wanabisha hapo. Alafu ule mzigo wa juu ulipoondoka jiwe likapumua, likaanza kuachia maganda makubwa yaliyopinda kama ya kitunguu. Mkiona ganda limeinuka pembeni na chini kuna uwazi msisimame juu yake kumi kwa mpigo kupiga picha.

Na kuna Mjerumani mmoja mjiolojia, Bornhardt, alizunguka huku kusini miaka ya 1890, akaandika kuhusu milima ya namna hii na kuiita "milima kisiwa" kwa lugha yao. Leo hii mlima wa namna hiyo popote duniani, hata Brazili, wanajiolojia wanauita bornhardt. Jina la mgeni aliyepita limebaki, sisi tuliozaliwa chini yake tunauliza kama una historia.

Historia ya watu nayo ipo. 1876 Askofu Steere, wa misheni ya Waanglikana, alitoka Zanzibar na watu waliokombolewa utumwani, nia ikiwa kwenda nao mbele zaidi kuelekea Ziwa Nyasa, wakaishia Masasi wakajenga hapo chini ya mawe. Miaka sita baadaye wakavamiwa na Magwangwara, yaani Wangoni. Ukiwa juu unaangalia tambarare yote ile unaelewa kwanini mtu angetaka kuwa na mlima mgongoni.

Chapati Moto

Naona mnaongelea mawe tu, ngoja niwaambie kinachoharibu safari. Sisi tulitoka Lindi mwaka juzi mwezi wa kumi, watu 11. Tulikubaliana saa kumi alfajiri, tukaondoka saa moja kasoro kwasababu kuna mtu alikuwa anasubiri chapati zake ziive, na huyo mtu ni mimi, ndo maana jina. Tumefika saa tatu, mara chai, mara vocha, mara kutafuta mwenyeji, tunaanza kupanda saa tano. Mwezi wa kumi saa tano! Lile jiwe lilikuwa kikaango. Ukiweka mkono unatoa, mwenzetu mmoja alivaa raba za mnadani gundi ikayeyuka soli ikabaki nyuma inamwangalia. Maji tulibeba chupa moja moja, saa sita hakuna mwenye maji, mmoja akaanza kusikia kizunguzungu tukamkalisha kwenye kivuli cha jiwe nusu saa.

Lakini sio hiyo iliyonitisha. Dereva wetu alipanda na sisi. Tulimwambia "twende na wewe bwana usikae peke yako", tukaona ni upendo. Mtu aliamka saa nane usiku, ameendesha, amepanda mlima juani, ameshuka, amepiga ugali wa nguvu Ndanda, alafu tunamwambia turudishe. Kabla ya Nyangao gari likaanza kwenda pembeni taratibuu kama linaenda kuchuma korosho, tukapiga kelele, tukasimama ndani ya mikorosho. Hakuna aliyeumia. Ila mpaka leo yule binti aliyekaa mbele hapandi gari bila kumwongelesha dereva.

Kwahiyo dada yangu, kwenye bajeti weka hela ya dereva kulala. Mkipanda yeye akalale gesti masaa matano, mlango ufungwe, simu izimwe.

Mmakua wa Mkuti

@Chapati Moto hahaha kumbe ni nyie, hiyo soli mbona bado ipo huku.

Ila kasema kweli. Mwezi wa nane ni mzuri, hakuna mvua, asubuhi kuna kaubaridi, jiwe kavu. Mvua zikishaanza msije, ule ukoga mweusi kwenye jiwe ukilowa ni sabuni. Mtoke huko saa tisa usiku, saa moja mpo kwetu, saa moja na nusu mnapanda, saa tano wote mpo chini. Maji kila mtu lita tatu, sio "tutagawana". Na kushuka ni kugumu kuliko kupanda, wenye magoti washuke kwa makalio bila aibu.

Binti Shangani

Basi nimeshawasomea wenzangu hizi coment zote kwenye grupu na wa Tendaguru wamenyamaza, isipokuwa mmoja anasema ataenda peke yake na pikipiki, Mzee wa Mingoyo jiandae na mgeni. Tumekubaliana jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Saa tisa usiku gari inaondoka na anayesubiri chapati anabaki. Dereva gesti nimeiweka kwenye bajeti, mhasibu kauliza "dereva analala mchana kwa hela yetu?" nikamtumia ile habari ya mikorosho, kapitisha.

Swali la mwisho, ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, tutapata wapi njiani tukirudi?

Mzee wa Mingoyo

Simameni hapa hapa njia panda, akina mama wanapanga kwenye sahani, ya moto. Ila mnunue wakati wa kurudi, mkinunua usiku mtakuta hamna kitu. Na huyo wa pikipiki mwambie aje na tairi nzima, sio zile za kuzunguka mjini.

Mmakua wa Mkuti

Na huyo mzee wenu wa 58 mwambieni mama yangu ana 63, huwa anapanda kule kutafuta kuni. Atamsubiri.