Gumzo la familia: ramen ya jana (tambi za Kijapani kwenye mchuzi)

Mjomba: Jamani, mie jana sijashiba. Nafika katikati ya bakuli, tambi zimevimba zote, laini kama uji.

Shangazi: Zisivimbe kwa nini, na wewe ulikuwa unapiga picha! Mara bakuli, mara vijiti, mara ukuta.

Kaka: Mjomba, ramen haimsubiri mtu, ikitua tu unaanza. Kule Hakata, Fukuoka, Japani, tambi zao nyembamba sana, zinalainika upesi, kwa hiyo wanakupa kiasi, ukizimaliza na mchuzi bado upo unaagiza nyingine. Wanaita kaedama.

Mjomba: Na hukuniambia!

Kaka: Ulikuwa unatafuta mwanga 😂

Shangazi: Mimi mchuzi ndio ulinimaliza. Mzito, mweupe pe! Nikajua maziwa, kumbe hamna hata tone.

Dada: Mifupa ya kuku hiyo, shangazi. Inatokota kwa moto mkali saa na saa mpaka mafuta yashikane na maji. Kwa moto mdogo ungetoka mwangavu.

Shangazi: Kuku kweli? Maana ukutani niliona picha ya nguruwe, roho ikashtuka.

Dada: Hiyo ni tonkotsu, mifupa ya nguruwe. Ya kwako tori paitan. Niliuliza kabla ya kuagiza: mchuzi, nyama ya juu, mafuta, hata tare.

Shangazi: Tare ndiyo nini tena?

Dada: Ile sosi ya chumvi wanayotangulia kuitia bakulini. Mchuzi unamiminwa juu yake.

Mama: Basi hiyo tare yangu mkono ulimteleza mtu. Ile miso, soya iliyochachushwa, ilikuwa chumvi tupu, nimeamka usiku mara tatu kunywa maji. Na yai halijaiva.

Kaka: Mama, yai ndivyo lilivyo. Ute umeshika, kiini kizito kama asali, halafu linalazwa kwenye sosi ya soya. Mimi ningekula matatu.

Mama: Kula na la kwangu siku nyingine. Ila tambi zilinikolea, zina ule ukinzani kwenye meno.

Kaka: Ni kansui, maji ya magadi wanayokandia unga. Ndiyo yanazipa na ile rangi ya manjano.

Babu: Nimesoma yote. Je, kuvuta tambi kwa sauti ni kosa?

Kaka: Hapana babu, Japani ni kawaida kabisa. Zinapoa kidogo na harufu inapanda vizuri puani.

Babu: Ahaa. Sasa nataka kujua ni nani alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza.

Mama anaandika…