Treni ya Shabani (kikundi: WANA KOTA TABORA)

Shabani: Mwangaluka wana kota, wote tuliokulia nyumba za reli Tabora. Shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Da Mwaju. Kila siku mnauliza huko stoo najifungia nafanya nini, haya leo nafungua mlango, natengeneza treni ndogo ya mfano 📷 Hiyo ni plaiwudi futi nne kwa nane, hapo kati ndo stesheni ya Tabora, lile boksi la viatu msilicheke bado halijapakwa rangi, kulia inaingia treni ya Dar, kushoto njia zinagawanyika moja Kigoma moja Mwanza

Hawa: 😂😂😂 baba wa watoto wanne unacheza treni

Da Mwajuma: Marahaba. We Hawa muache. Mi nimeona hilo paa tu nimekumbuka mbali. Ila Shabani mwembe uko wapi? Pale kwa akina mama wauza asali palikuwa na mwembe bana, tulikuwa tunakaa chini yake na sinia la karanga tunasubiri treni, ikichelewa tunatandika kanga tunalala palepale

Shabani: Mwembe unakuja dada, natengenezea sifongo ya kuoshea vyombo naipaka kijani

Mama Salma: Ndo maana sifongo zangu zinaisha. Sawa

Iddi: Shikamooni wote. Anko si ungejenga SGR tu, hii reli mpya, Dar Dodoma hata masaa manne hayafiki. Hiyo ya kwenu mlikuwa mnalala njiani

Shabani: Marahaba mjomba. Sa hapo umegusa penyewe. Hizi reli za dukani upana wake milimita 16.5 chuma hadi chuma. Wenzetu Ulaya wanazitumia kwa treni iliyopunguzwa mara 87, piga hesabu, 16.5 mara 87 inakuja 1,435, ambayo ndo SGR yenyewe hiyo unayopanda. Lakini reli yetu ya zamani upana ni mita moja, kwa hiyo mi nikapunguza mara 60 badala ya 87, reli zilezile, ila mabehewa na nyumba na watu nawachonga wakubwa zaidi, basi imeshakuwa reli ya kati. Behewa la mita 18 linatoka sentimita 30

Iddi: Aisee. Kwa hiyo reli ni ileile, ukiweka behewa dogo juu yake ni SGR ukiweka kubwa ni ya babu

Shabani: Umemaliza

Hawa: na Dar mpaka Kigoma kwa hicho kipimo chako ni kiasi gani?

Shabani: Kilomita 1,250 na ushee gawa kwa 60, kama kilomita 20 na kidogo. Natandika kuanzia Posta mpaka huko Mbezi 😂 ndo maana nimekomea stesheni moja

Baba Mdogo Rama: Marahaba wanangu nimechelewa simu ilikuwa kwenye chaji. Picha nimeikuza nimeona. Shabani hayo mataruma yako ya kahawia yale ya kulazia reli ni ya mbao au nini maana sisi hatukuwa na mbao sehemu kubwa ya njia yetu ilikuwa mataruma ya chuma mbao mchwa wa huku wangezimaliza. Lile la chuma limekaa kama bakuli la bati refu limefunikwa mdomo chini linang'ang'ania kokoto na saa saba mchana ukilikanyaga na ndala unasikia moto kwenye kisigino. Paka rangi ya kutu. Na usije ukaweka ya zege hiyo itakuwa TAZARA ile reli ya Zambia

Shabani: 😂 Sawa Baba Mdogo, yalikuja hivyo na reli, ni plastiki. Nitapaka kutu

Baba Mdogo Rama: Pili hizo njia zako mbili umezichora zimeachana kama manati. Sivyo. Ya Kigoma ndo njia mama reli ilifika Tabora 1912 ikaenda Kigoma 1914 Mjerumani huyo. Ya Mwanza imekuja kuzaliwa baadae enzi za Mwingereza 1928 kwa hiyo inachomoka kwa mwenzake. Moja inyooke nyingine itoke ubavuni

Da Mwajuma: Baba Mdogo waeleze hawa watoto treni ilivyokuwa inakatwa

Baba Mdogo Rama: Treni ikitoka Dar inakuja moja ndefu watu wa Mwanza na wa Kigoma wamo humo humo. Ikifika Tabora kichwa kinakatwa kinaenda zake halafu mabehewa yanachambuliwa ya Mwanza njia yake ya Kigoma njia yake usiku huo tuko na taa za mkononi kijani na nyekundu unaingia katikati ya mabehewa unafunga mipira ya breki unatoka unapunga taa. Abiria wamelala hawajui kitu. Mama yenu mdogo Zuhura alikuwa anaenda Urambo akamfuata shoga yake behewa la Mwanza wapige stori akasinzia hukohuko kaja kushtuka Isaka

Hawa: 😂😂😂😂 ndo maana mpaka leo hataki kusikia Isaka

Shabani: Na mi hicho kitendo ndo nakitaka, treni kuzunguka zunguka tu sina haja nayo. Hapa umeme unapita kwenye reli zenyewe, volti 12, chuma kimoja chanya kimoja hasi, ukigeuza nyaya treni inarudi nyuma. Shida vichwa viwili vikikaa juu ya reli moja vinaondoka pamoja kama vimeambizana. Kwa hiyo kila njia nimeikata chuma kwa msumeno, pengo dogo tu, nikafunga swichi ya taa ya ukutani. Nikizima ya Kigoma kichwa chake kinalala, nawasha ya Mwanza kinaondoka na mabehewa yake

Iddi: Anko hiyo nataka video

Hawa: mi nitaleta vizibo vya soda tuweke kwenye reli kama zamani, treni ipite ivilaze, tutoboe tupitishe uzi

Shabani: Kichwa chenyewe gramu mia tatu Hawa, kitapinduka hicho. Na kizibo ni chuma, kikigusa reli zote mbili shoti hiyo

Mama Salma: Na mimi niulize, maana stoo ilionekana ina joto plaiwudi ikahamia sebuleni, leo naona na meza ya chakula imebeba kichwa cha treni na gundi. Sikukuu ya Idi tunakula wapi?

Da Mwajuma: Mkekani wifi, kwani kota tulikuwa na meza?

Mama Salma: Wageni wangu wifi hawajakulia kota 😏

Baba Mdogo Rama: Shabani yadi ile ilikuwa na njia nyingi wewe umeweka tatu utachambulia wapi mabehewa. Iddi jumamosi njoo na karatasi za manila mbili na rula ndefu nikuchoree yadi nzima na kila mkono wa kuhamisha njia ulipokuwa umpigie picha umtumie. Usije mchana nalala