Naomba ushauri: nihamie kijijini pembeni ya msitu wa Rungwe au nibaki Mbeya mjini?

Wakuu, habari za majukumu. Nimeachiwa shamba na marehemu baba huko Rungwe, limepakana kabisa na msitu wa hifadhi. Mke anataka tuhamie, mimi nasitasita.

Ardhi sina ubishi nayo: ya volkano, mvua karibu mwaka mzima. Shida ni barabara. Masika inapanda bodaboda tu, tena kwa kubembelezwa. Parachichi za Hass za kubebesha zinaanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Gari la mnunuzi lisipofika, matunda nayashushaje? Viazi navyo dalali anapanga bei, na lumbesa juu, yaani gunia la kujazwa kupita kipimo.

Mzee mmoja ananiambia niweke mizinga. Wenye uzoefu, kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) cha kufugia nyuki msituni kinasumbua? Na ule ubaridi wa mwezi wa 6 na wa 7, nyuki hawahami? Kuna aliyewahi kupata chochote kwa wageni wanaokuja kumtafuta kipunji, yule nyani wanasayansi waliyemtambua mwaka 2003? Kwetu naona wanapita tu na magari yao.

Sekondari iko mbali na binti yuko la sita. Ningeanza na lipi? Ndaga fijo.