Msaada wakuu: mawe meusi ya Tukuyu au granaiti ya Iringa, yapi ya kuweka msingi?

MtotoWaGangilonga: Kamwene wakuu, naombeni ushauri wa haraka maana tipa ya pili inakuja keshokutwa. Mimi nimekulia Iringa mjini, mawe ninayoyajua ni granaiti, yale ya kijivu yana chembe nyeupe na za pinki na vitu vinametameta juani, ule mwamba mkubwa wa Gangilonga wenyewe ni jiwe hilohilo. Sasa nimepata kiwanja Tukuyu, tripu ya kwanza imeshushwa, mawe meusi tii na mengine yana vitundu vitundu kama mkate ukiukata. Fundi anasema ndo mawe ya huku. Nyumba ni ya mama na hela ni ya kujenga mara moja tu. Je haya yanaifikia granaiti au nitafute lori nilete ya nyumbani?

FundiMsingi: Usisafirishe mkuu, kutoka Iringa ni zaidi ya kilomita 300, nauli itakula bati zote. Hiyo ni basalti. Chukua vipande viwili vya ukubwa sawa, basalti isiyo na vitundu na granaiti, pima mkononi, basalti ndo nzito.

TichaJiografia: Yote mawili yametoka kwenye ujiuji wa moto wa chini ya ardhi, tofauti ni yamepoa wapi na kwa kasi gani. Granaiti (kitabuni tunaiita itale) ilipoa taratibu sana huko chini, ndo maana chembe zake zilipata muda wa kukua mpaka unaziona kwa macho, yaani madini ya kwatzi, feldispa na maika, na silika (ile inayounda kwatzi) inafika kama asilimia 70. Basalti ilimwagika juu kama lava ikapoa haraka, chembe zikabaki ndogo mno, silika yake ni asilimia 45 hadi 52 tu ila ina chuma na magnesi nyingi, weusi unatokea hapo. Vitundu ni gesi iliyokuwa inatoka jiwe likagandia humo. Halafu granaiti za Iringa zina zaidi ya miaka bilioni moja, huku wilaya ya Rungwe mengine ni ya juzi, mlima wa volkano Kiejo ulitoa lava miaka kama 200 tu iliyopita.

MamaKokoto: Kaka mimi nagonga kokoto huu mwaka wa tisa, rangi isikutishe, sikiliza sauti. Piga nyundo, jiwe zima linalia ngiii kama chuma, bovu linasema pu. Likipasuka angalia ndani, ukikuta weusi mkavu weka, ukikuta ukahawia unaomeguka kwa kucha hilo limeshaanza kurudi udongo, tupa. Vitundu vichache si tatizo. Ila likiwa vitundu tupu na ukilinyanyua ni jepesi kataa kabisa, linanyonya maji, na Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, mama atalala kwenye unyevu.

MtotoWaGangilonga: Kwa hiyo granaiti tuliyoitegemea miaka yote haina maana?

FundiMsingi: Hapana, granaiti ni jiwe gumu sana, kwatzi yake inakwaruza kisu. Udhaifu wake ni moto. Hujaona watu wanawasha kuni juu ya mwamba upasuke? Kwatzi ikifika nyuzi joto 573 za Selsiasi inatanuka ghafla. Kwa msingi yote yanafaa, jenga na lililo karibu ila likiwa zima.

MtotoWaGangilonga: Mrejesho. Leo nimeshinda saiti na nyundo, nimepiga moja moja mpaka mkono umevimba. Mengi yamelia, kama robo hivi nimeyaweka pembeni, mepesi na yenye ganda la kahawia, dereva kakubali kunibadilishia. Kuna moja nimelipasua ndani jeusi lina punje za kijani kama chupa, ni nini?

TichaJiografia: Hayo ni madini yanaitwa olivini. Jiwe likiwa limeanza kuoza, olivini ndo inaanza kugeuka nyekundu nyekundu, kama bado kijani basi hilo ni zima.

MtotoWaGangilonga: Ndaga fijo, asanteni sana. Keshokutwa naenda machimboni mwenyewe yakipakiwa.

MamaKokoto: Nenda mapema kaka, wakishapakia hawashushi. Na mtaro wa maji upande wa mlimani uchimbe kabla ya mwezi wa nne.