TMA (mamlaka ya hali ya hewa) wanatabiri kila msimu, mbona huku bondeni tunafurika vilevile?

mpangaji_kigogo:
Wakuu habari zenu. Nakaa Kigogo bondeni hapa Dar, nimepanga tu, sio mwenye nyumba, msije mkanirushia mawe. Kila mwaka TMA wanasema masika itakuwa ya wastani hadi juu ya wastani, redio zinatangaza, afu mvua ikipiga siku mbili barabara ya Jangwani inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasimama, sisi tunapandisha magodoro juu ya kabati. Huo utabiri kuna mtu ofisini anaufanyia kazi kweli au ni wa kusomwa tu baada ya habari? Msimu uliopita nilimuuliza mjumbe wetu "juu ya wastani" maana yake maji yatafika wapi, akanionyesha usawa wa goti. Yalifika kwenye swichi ya taa.

Wingu_Zito:
Mjumbe wako umemuonea bure mkuu. Huo wastani ni wa msimu mzima, Machi mpaka Mei, wanalinganisha na rekodi za miaka mingi nyuma, haukwambii siku wala mlango wako. Msimu unaweza ukawa wa kawaida kabisa na bado usiku mmoja ukakuharibia kila kitu. Cha kuangalia ni ule utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa, wenye angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, ule unataja mikoa na athari zinazoweza kutokea. Na usiangalie mawingu ya Kigogo, mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu huko, kwako jua linawaka huku maji yako njiani.

mchora_ramani:
Mi nilikuwa chuo enzi za Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za mafuriko, 2015, tulipita mtaa kwa mtaa na simu tunawauliza wenyeji maji ya mafuriko ya 2011 yalifika wapi. Mama mmoja Mchikichini akafungua mlango wa chumbani akatuonyesha mstari wa matope, hajaufuta makusudi, ulikuwa unanifika kifuani. Yote hayo yakaingia kwenye ramani, na mifereji, bure kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, mtu yeyote anafungua. Ila mpaka leo huku kwetu mfereji unazibuliwa pale diwani akipigiwa kelele, ramani haiulizwi.

mzee_wa_genge:
Vijana mnazunguka tu. Sheria ya mazingira ipo tangu 2004, mita 60 kutoka mtoni usijenge. Desemba 2011 tukazika watu 40 hivi, afu baada ya hapo karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa hapohapo Jangwani, na maji yameingia si mara moja. Hapo utabiri ulikosekana? Sasa ndo kuna mradi wa bonde kwa mkopo wa Benki ya Dunia, daraja linajengwa. Sawa. Ila mimi baada ya mafuriko walinihamishia Mabwepande, mbali huko pembeni ya jiji, na kiwanja nikapewa, shukrani, genge langu liko Kariakoo, natoka saa tisa usiku nauli inakula faida yote. Wenzangu wengi waliuza wakarudi bondeni, na mtu akiwaita wajinga mi simuelewi. Waliopima maji walipima vizuri, nani alikuja kupima nauli yangu?

mpangaji_kigogo:
Mzee umenigusa, mi mwenyewe nakaa hapa sababu natembea kwa mguu mpaka kazini. @Wingu_Zito hiyo ya siku tano naipata wapi, tupia link basi, maana upande wa Pugu kumeshakuwa kweusi.