Naomba ushauri: mzee wangu anaona maisha yake yamepotea bure

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Naishi Tabata na baba yangu, mstaafu wa miaka sabini na kitu. Tangu mama afariki, anashinda barazani akihesabu hasara: kiwanja cha Mbezi alichouza kwa bei ya kutupa, ndugu aliokosana nao.

Nasomea ualimu jioni, na huko nimekutana na nadharia ya mwanasaikolojia Erik Erikson (1902–1994), aliyegawa ukuaji wa mtu katika hatua 8. Ya mwisho ni uzee: mtu hutazama nyuma, akaridhika na alivyoishi, au akakata tamaa kwa kuwa muda wa kuanza upya haupo. Nikamwona mzee kabisa. Ila hatua ya 7, ya kulea na kuwaachia kitu wanaokuja nyuma, kwa kweli aliitendea haki. Katusomesha wote, na vijana kibao wa mtaani kawafundisha uashi. Yeye haoni kama hilo ni jambo.

Binti yangu wa kidato cha 3 yuko hatua ya 5, ya kujitafuta yeye ni nani, na anaelewana na babu yake kuliko mimi (akiweka simu chini). Nimewaza amrekodi akisimulia maisha yake. Dada yangu anapinga, eti tutatonesha vidonda.

Mliolea wazee wa hivi, mlianzia wapi? Na nitatofautishaje majuto ya uzee na sonona ya kumpeleka hospitali? Siku hizi hata chakula anakisukuma.