Waliosoma, waliofundisha na waliofanya kazi SOMAFCO, Mazimbu: masomo na kazi za mikono viliunganishwaje?

MkufunziTanga aliuliza:

Ninafundisha historia ya elimu katika chuo cha ualimu, na kila mwaka tunapofika kwenye mada ya Elimu ya Kujitegemea wanachuo wangu hunieleza jambo lile lile: kwamba katika shule walizosoma, jembe walilijua kama adhabu ya mchelewaji na mpiga kelele, wala hakuna aliyewahi kuwafafanulia kuwa shamba la shule lilikusudiwa kuwa darasa. Andiko la Mwalimu Nyerere la Machi 1967 wanalisoma kana kwamba linahusu nchi nyingine. Kwa hiyo mwaka huu nimeamua kuwapa mfano wa pili, ambao uko hapa hapa nchini na ambao wengi wao hawajapata kuusikia, yaani Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, SOMAFCO, kilichoendeshwa na chama cha ANC cha Afrika Kusini pale Mazimbu, Morogoro, kuanzia mwaka 1978 hadi 1992.

Historia yake ya nje ninaifahamu. Wanafunzi wa Soweto waliandamana tarehe 16 Juni 1976 kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi, na katika miezi iliyofuata vijana wengi walivuka mipaka, hata chama kilichojiandaa kupokea wapiganaji kikajikuta kina watoto wanaohitaji walimu. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, na Mama Anna Abdallah, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, alikuwa na mchango mkubwa katika jambo hilo. Shule ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22, na Oliver Tambo akaifungua rasmi mwaka 1985.

Ninachokikosa ni habari ya ndani. Shule ile ilitangaza kwamba itaunganisha nadharia na vitendo, itawashirikisha wanafunzi katika kuiendesha, na itaandaa watu wa kuijenga Afrika Kusini iliyo huru. Naomba waliokuwepo wanieleze hayo yalionekanaje siku ya kawaida ya juma, na kama kazi ya mikono ilikuwa somo kweli au iliishia kuwa kibarua kama ilivyotokea katika shule zetu nyingi.

Fundi wa Kihonda alijibu:

Mwalimu, mimi sikusoma pale wala sikufundisha, ila nilifanya kazi ya useremala Mazimbu tangu ujenzi ulipokuwa umepamba moto, na nadhani ushahidi wa fundi una nafasi yake katika swali lako. Tulipoingia, sehemu kubwa ilikuwa bado ni mkonge na vichaka, na wanafunzi wa mwanzo walilala katika majengo ya zamani ya shamba yaliyokarabatiwa. Ujenzi uliongozwa na mhandisi wao, Oswald Dennis, mtu aliyejua kila msingi ulichimbwa kwenda chini kiasi gani. Ndani ya miaka michache pakawa na madarasa, mabweni, bwalo, maktaba, nyumba za walimu, hospitali, shamba lenye ng'ombe na nguruwe, na kiwanda cha samani kilichopewa jina la Vuyisile Mini, kiongozi wa wafanyakazi aliyenyongwa mwaka 1964. Viti na meza za shule zilitoka humo.

Nitakusimulia jambo moja nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu linajibu sehemu ya swali. Tulikuwa tunapandisha kenchi za jengo moja, na mwalimu wa hisabati akaja na kundi la wanafunzi wenye madaftari. Hakuwaambia washike nyundo. Aliwaomba wapime upana wa jengo na kimo cha kenchi, kisha watafute urefu wa mbao ya ubavuni kabla sisi hatujaikata. Walikokotoa pale pale, wakiwa wamechuchumaa juu ya vumbi la mbao, na mmoja wao akapata jibu lililopungua kwa karibu nusu mita. Mwalimu hakumsahihisha, bali alituomba tukate kipande chakavu kwa kipimo cha kijana yule na kukiinua. Mbao haikufika kileleni. Kijana aliitazama, akarudi kwenye daftari, akaona kwamba alijumlisha urefu wa pande mbili na kutafuta kipeo cha pili bila kuzizidisha kwanza kila moja kwa yenyewe. Nimefanya useremala maisha yangu yote, na sijaona somo lililoeleweka upesi kama lile.

Lakini nikuambie na upande wa pili, wala sisemi kwa kinyongo, kwani mshahara wa Mazimbu ulinisomeshea watoto. Sehemu kubwa ya kazi ya ujenzi na ya shamba tuliifanya sisi Watanzania tulioajiriwa. Wanafunzi walikuja kwa zamu, wengine kwa moyo, wengine shingo upande, na kengele ya darasa ilipolia waliondoka, sisi tukabaki na zege. Ukiwaambia wanachuo wako kwamba shule ile ilijengwa na wanafunzi wake, utakuwa umewapa nusu ya habari.

Mwl. Mstaafu, Morogoro alijibu:

Fundi amesema kweli, na mimi niliyekuwa upande wa darasani napenda kueleza kwa nini ilikuwa hivyo, maana watu wa nje walidhani ni uvivu wa vijana wa mjini. Mimi ni mzaliwa wa Afrika Kusini, nilifundisha Mazimbu, na maisha yalipanga nibaki hapa baada ya wenzangu kurudi.

Ili kuwaelewa wanafunzi wale ni lazima uelewe walikotoka. Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953 iliwekwa na serikali ya makaburu, na mwasisi wake, Verwoerd, alieleza waziwazi kwamba Mwafrika hana nafasi katika jamii ya wazungu zaidi ya kazi za aina fulani, na kwamba hakuna maana ya kumfundisha hisabati asiyoweza kuitumia. Katika shule hizo jembe na ufagio vilikuwa ndiyo hatima waliyopangiwa watoto. Sasa chukua kijana wa miaka 17 aliyeikataa elimu hiyo, akawaona wenzake wakiuawa, akavuka mpaka usiku bila kumuaga mama yake, akafika Mazimbu akiwa na kiu ya fizikia na kemia, halafu sisi tukamkabidhi jembe na kumwambia kwamba hii ndiyo elimu ya ukombozi. Alituuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, tofauti iko wapi.

Mjadala huo haukuisha mpaka shule ilipofungwa. Wako miongoni mwetu waliotaka elimu iliyoshikamana na uzalishaji, na walitazama mfano wa shule ya Swaneng Hill iliyoanzishwa na Patrick van Rensburg kule Serowe, Botswana, mwaka 1963, ambako wanafunzi walishiriki kujenga shule yao na ambako vilianzishwa vikundi vya kujifunza ufundi kwa kuzalisha. Wengine walisema kwamba mapinduzi yatahitaji madaktari na wahandisi, kwa hiyo mtoto apate kwanza cheti kinachotambulika duniani. Upande wa pili ulikuwa na nguvu zaidi kuliko tulivyokiri wakati ule, kwani wanafunzi wetu walifanya mitihani ya London, na mtihani wa London hauna habari na nguruwe wa Mazimbu. Mtihani ndio unaoamua kijana atatumiaje jioni yake. Hili waambie wanachuo wako kwa msisitizo, kwa sababu ndilo lililoidhoofisha pia Elimu ya Kujitegemea: shamba lilihubiriwa, lakini aliyepimwa alipimwa kwa karatasi, na mzazi mwenye akili timamu alifuata karatasi.

Mahali tulipofanikiwa, kwa maoni yangu, ni katika masomo mawili ambayo hayakuwa na jembe ndani yake. Tulikuwa na somo la Maendeleo ya Jamii na lile la Historia ya Mapambano, na kwa kuwa vitabu vya kutufaa havikuwepo, walimu waliandika wenyewe maandalio, wakayachapa na kuyarekebisha kadiri wanafunzi walivyoyapinga. Mwanafunzi aliyefundishwa Soweto kwamba historia ya nchi yake inaanza mwaka 1652, siku meli za Jan van Riebeeck zilipofika Rasi, aliingia katika chumba ambamo aliombwa aeleze bibi yake alihamishwa kutoka wapi, kwa sheria gani, na nani alinufaika. Mjadala ulianza darasani ukaendelea bwaloni. Sijafundisha tena watu waliosoma kwa hasira yenye nidhamu kama ile.

Binti wa Mazimbu alijibu:

Shikamooni wazee wangu. Mimi nilikuwa mtoto pale, baba akiwa wa ANC na mama akiwa Mluguru wa hapa Morogoro, kwa hiyo nilipitia kituo cha watoto cha Charlotte Maxeke kisha shule ya msingi. Sikuwa katika umri wa mijadala anayoieleza Mwalimu, lakini yako mambo niliyoyachukulia kuwa ya kawaida mpaka nilipohamia shule nyingine.

La kwanza ni namna tulivyozungumza na wakubwa. Walimu tuliwaita komredi, na mtoto aliruhusiwa kuuliza “kwa nini” bila kuambiwa kwamba ana kiburi. Nilipohamishiwa shule nyingine baadaye, ambayo sitaitaja, niliuliza swali la namna hiyo siku za mwanzo nikachapwa mbele ya darasa, na nikajifunza kunyamaza. Ilinichukua muda mrefu kurudisha sauti yangu.

La pili linawahusu mama zetu wadogo, na ninaomba Mwalimu wa Tanga aliwasilishe kwa wanachuo wake wote, wa kike na wa kiume. Charlotte haikuwa sehemu ya kulelea watoto tu. Wasichana waliopata watoto wakiwa masomoni walikaa pale na vichanga vyao, wakasaidiwa, na baadaye njia ya kurudi darasani ilikuwa wazi kwao. Nawakumbuka dada wakipita asubuhi kumwacha mtoto huku wamekumbatia madaftari. Hayo yalifanyika Mazimbu, ndani ya ardhi ya Tanzania, miaka ya 1980, wakati shuleni kwetu msichana mjamzito alifukuzwa na habari yake ikaishia hapo. Ruhusa ya wasichana wetu kurudi katika shule za kawaida za serikali baada ya kujifungua ilitangazwa Novemba 2021. Tukitafuta jambo ambalo jirani yetu alilijaribu mapema na sisi tukachelewa kulitazama, kwangu ni hilo kabla ya jembe.

Kuhusu kazi, sisi wadogo tulikuwa na bustani na tuliipenda, pengine kwa sababu hakuna aliyetuadhibu nayo.

Mdau wa Elimu alijibu:

Ninawaheshimu wote waliotangulia, lakini nina shaka kama mfano huu unafaa kulinganishwa na shule zetu. SOMAFCO ilijengwa kwa misaada kutoka Norway, Uswidi, Uholanzi na nchi nyingine nyingi, zikiwemo za kambi ya kisoshalisti, na walimu wa kujitolea walitoka nje. Shule ya kijiji cha Handeni yenye walimu wachache na darasa lisilo na madirisha ingepata wapi mwalimu wa kuwapeleka wanafunzi kwenye kenchi?

Mwl. Mstaafu, Morogoro alijibu:

Ndugu Mdau, misaada ilikuwa mingi na hakuna anayeificha. Lakini somo la kenchi alilolieleza Fundi halikugharimu zaidi ya kipande chakavu cha mbao, na kila kijiji kinajengwa nyumba. Kilichohitajika ni mwalimu aliyeruhusiwa kutoka nje ya darasa bila kuulizwa na mkaguzi yuko ukurasa wa ngapi. Pale fedha zilipotuharibia ni katika kazi yenyewe: kwa kuwa tulimudu kuwalipa vibarua, haikuwa lazima wanafunzi wafanye, na kazi isiyo ya lazima ilibaki kuwa ya mahubiri. Shule maskini haina anasa hiyo, na kwa hiyo inaweza kuunganisha kazi na masomo kwa ukweli zaidi, mradi mavuno yaonekane kwenye sahani ya mtoto aliyelima.

MkufunziTanga aliandika:

Nawashukuru sana, wazee wangu na dada yangu. Nilikuja nikitafuta mfano wa mafanikio wa kuuweka kando ya kushindwa kwetu, na mmenipa kitu chenye manufaa zaidi, kwani naona kizuizi kilikuwa kile kile pande zote mbili, nacho ni mtihani uliopima jambo moja na kuliacha jingine. Nitaanzia hapo, kisha nitawapa wanachuo kazi ya kupanga somo la hisabati kwa kutumia jengo lolote linalojengwa karibu nao. Habari za Charlotte nitazipa kipindi chake peke yake. Je, kumbukumbu za shule zinapatikana wapi, na Mazimbu kwenyewe mtu anaweza kufika?

Mwl. Mstaafu, Morogoro alijibu:

Baada ya ANC kuondolewa marufuku tarehe 2 Februari 1990 watu walianza kurejea, na Julai 1992 majengo yalikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Nyaraka za shule zilipelekwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, katika mji wa Alice, Rasi ya Mashariki, na watafiti huzisoma huko. Mazimbu sasa ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa hiyo andika barua ya kuomba ruhusa mapema. Makaburi ya wenzetu waliofia ugenini yako pale pale, na wanachuo wako wapite hapo kwanza.

Fundi wa Kihonda alijibu:

Mkija msinipite. Baadhi yetu tuliojenga bado tuko hai hapa Morogoro, na hatukuandikwa kwenye hati za mtu. Wanachuo waje na madaftari, nitawaonyesha jengo kwa jengo, nani aliweka msingi na nani aliezeka, na kenchi ile bado iko juu.